Aliniuliza "Ulijua?" akakata simu

Shikamoo Mama,

Barua hii nimeiandika mara nne nikaifuta. Ya leo naituma hata kama haijanyooka.

Nina miaka 36, nimeolewa, nina watoto wawili. Miezi saba iliyopita kaka yangu mkubwa alikwenda kwenye nyumba aliyohamia mkewe baada ya kutengana. Akamuua wifi yangu, mabinti zao wawili, na mdogo wake wifi wa kiume aliyetoka kufungua mlango. Kisha akajiua. Mtoto wao wa kiume, wa miaka minane, usiku ule alikuwa amelala kwa bibi yake mzaa mama, ndiyo maana yupo hai.

Ilikuwa Alhamisi. Jumatatu iliyokuwa inakuja mahakama ingetoa uamuzi watoto wakae na nani.

Kwenye mazishi yao hatukutakiwa, na sikulaumu. Kaka tulimzika alfajiri, watu kumi na mmoja kwa kuhesabu. Baba mdogo akasimama akasema marehemu alisukumwa, kwamba mwanamume akinyang'anywa watoto shetani hupata mlango. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nami nilikuwa pale, nikanyamaza.

Mama, kuna jambo ambalo hata mume wangu hajui. Jumatano usiku, saa nne na dakika kumi, kaka alinitumia ujumbe wa sauti wa sekunde 41. Niliusikiliza huku nakunja nguo. Alikuwa ametulia, si yule wa kulia na kulaani niliyemzoea miezi ile. Alisema amechoka, mambo yake yote ameshayamaliza, na hakuna atakayemchukulia mtu watoto tena. Nikamwandikia: "Lala kaka, kesho tutaongea." Akajibu kwa alama ya kidole gumba. Ujumbe bado ninao kwenye simu. Polisi walipotuhoji waliniuliza kama aliniambia chochote siku za mwisho. Nikasema hapana.

Wiki mbili kabla ya hapo alikuja nyumbani akanipa saa ya mkononi ya marehemu baba. Akasema kwangu itakaa salama. Nilifurahi, Mama. Nilidhani ameanza kupoa.

Na la zamani zaidi. Miaka miwili nyuma wifi alikuja kwangu, akafungua mtandio aliojifunga shingoni, akanionyesha alama za vidole. Nilimwambia, "Mvumilie wifi, kazini kwake wanamkaba sana." Nilitumia neno hilo hilo, wanamkaba. Aliniangalia kidogo, akaufunga mtandio wake, tukaongea mengine.

Siku ya nne baada ya msiba mama yake wifi alinipigia. Alisema neno moja: "Ulijua?" Kabla sijafungua mdomo akakata. Nalisikia neno hilo nikiwa bafuni, nikiwa kazini, kila mahali.

Sasa baba mdogo na wengine wanataka twende mahakamani kumdai mtoto, eti damu yetu isipotee. Wanataka mimi ndiye nitie sahihi kwa kuwa nina ndoa na nyumba. Mdogo wake wifi wa kike, ambaye hunitumia habari kwa siri, anasema mtoto ameambiwa ilikuwa ajali ya gari. Lakini amepita na wenzake kituo cha polisi akaliona gari la baba yake limeegeshwa, halina hata mkwaruzo. Anauliza. Mimi ndiye shangazi yake pekee. Alipokuwa mdogo neno lote lilimshinda, akawa ananiita Shanga, na hakuacha.

Nimlilie vipi kaka yangu bila kuwatukana aliowaua? Nitie sahihi? Ule ujumbe niufute? Kuna usiku natamani nilale nisiamke.

Ni mimi, dada wa muuaji.

*

Marahaba, mwanangu.

Naanza na mstari ulioutupia mwishoni kama kitu kidogo. Unatamani ulale usiamke. Nakuuliza waziwazi: unafikiria kujiua? Kama jibu ni ndiyo, au hata kama ni "sijui", acha kusoma hapa. Mwamshe mumeo, umwambie kwa maneno hayo hayo uliyoniandikia mimi, muende hospitali au mpige namba ya dharura sasa hivi, si kesho. Usiniambie unaogopa kumwamsha. Wewe unajua kuliko wengi "kesho tutaongea" inaweza kugharimu nini. Majibu yangu yatakungoja.

Kama tuko pamoja, twende kwenye lile neno.

"Ulijua?" Kwa nilivyokusoma, hukujua kwamba Alhamisi ile angekwenda kuua. Ulijua kwamba alimkaba mkewe koo. Hayo ni mambo mawili, na wewe umeyashona yakawa moja, ndiyo maana huwezi kulijibu swali hata ukiwa peke yako bafuni. Sitakuambia kwamba hungeweza kufanya lolote. Ungeniona mwongo, na mama mwenye umri wangu hapendi kuonekana mwongo. Wala sitakuambia kwamba ungewaokoa. Mtu aliyeanza kugawa vitu vyake wiki mbili kabla hakuamuliwa na maneno yako manne ya Jumatano usiku.

Umeniandikia kwamba alikuwa ametulia. Wataalamu wa mauaji haya wangelisimamisha jicho hapo hapo. Jane Monckton Smith, mtafiti wa uhalifu nchini Uingereza, alichambua mauaji 372 yaliyofanywa na wapenzi na wenza, na mwaka 2019 akachapisha alichokiona: safari yenye hatua 8. Mapema kabisa kuna kudhibiti, mtu kutaka ajue mwenzake yuko wapi, na nani, ametumia nini. Halafu kinakuja kitu kinachotishia udhibiti huo, mara nyingi ni kuachwa. Vitisho na kubembeleza vinapanda. Kisha fikra hubadilika, mtu anaacha kupigania kurudiana na anaanza kupanga. Kwa walio nje, mabadiliko hayo yanaweza kuonekana kama nafuu. Wewe ulifurahi kupewa saa, na dada yeyote angefurahi.

Kuhusu shingo ya wifi yako, nitakalosema litakuuma, ila nikilinyamazia nitakuwa nimefanya kama baba yako mdogo. Mwaka 2008 Nancy Glass na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti kuhusu wanawake walionyanyaswa na wenza wao. Kwa aliyewahi kukabwa koo na mwenzake, uwezekano wa kuja kuuawa naye ulikuwa zaidi ya mara 7. Na miaka mitano kabla, Jacquelyn Campbell, muuguzi na mtafiti, pamoja na timu yake, walikuwa wameonyesha kutoka miji 11 ya nchi hiyo kwamba mwanamume mwenye udhibiti mkali akiachwa, hatari ya kumuua mwenzake inapanda karibu mara 9. Wifi yako alikuwa na yote mawili, na juu yake tarehe ya mahakama. Hukuyajua haya, na wengi wanaovaa sare na majoho hawayajui pia. Ulisema walichosema shangazi na mama zetu wengi, mvumilie. Nami nimewahi kulisema neno hilo, kwa mtu mwingine, zamani. Yeye yu hai. Ilikuwa bahati tu.

Hapa nawageukia wengine mnaosoma. Mwanamke akikufungulia mtandio akakuonyesha shingo, usimfungie kwa nasaha. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo hata kama ngozi haina alama, kwa kuwa mishipa ya shingo inaweza kuumia ndani na madhara yakaja baadaye. Usipeleke maneno kwa mumewe. Usiitishe kikao cha kuwapatanisha. Akitaka kuondoka, aondoke kwa mpango, na watu wanaojua tarehe, na polisi au shirika la kusaidia wanawake wakiwa na taarifa. Asiende kumfuata mume peke yake kuchukua nguo zilizobaki, nguo zinanunuliwa nyingine. Na mwanamume aliyekuwa akilia miezi mitano akikutumia sauti tulivu kwamba amemaliza mambo yake, piga simu. Mpigie yeye, mpigie mkewe, wapigie polisi. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake na wasichana 51,100 duniani waliuawa na wenza wao au jamaa zao. Ni kama 140 kila siku. Nyuma ya wengi wao kuna mtu wa aina yako, mwanangu, aliyeona kipande.

Sasa ujumbe. Usiufute. Ukiufuta, kitu ambacho leo ni woga wako kinaweza kuwa kosa la jinai, na hata sheria ikikuacha wewe hutajiacha. Fanya nakala. Mwambie mumeo leo. Kesho tafuta wakili, kwa sababu ulishawaambia polisi hapana na sheria za nchi zinatofautiana, kisha muende pamoja kwa mpelelezi wa kesi ukarekebishe maelezo yako. Sema hivyo tu: niliogopa, nikadanganya, ujumbe huu hapa. Watu huja kurekebisha maelezo kila siku, wapelelezi wameshawaona.

Utaniuliza una faida gani na mwenyewe kashakufa. Kwa kuwa kafa, hakuna kesi. Hakuna kizimba, hakuna siku ambayo mama wa wifi yako atakaa mbele ya hakimu asikie ilikuwaje. Atakachokipata ni jalada la uchunguzi tu, na ndani yake hamna sekunde 41 zako. Mama yule alikuuliza swali. Jibu lake unalo mfukoni.

Yuko mama mmoja Marekani, Sue Klebold, ambaye mwanawe na mwenzake walifanya mauaji ya shule ya Columbine mwaka 1999. Si mauaji ya ndoa, ila msiba wa waliobaki upande wa muuaji unafanana. Kwa miezi kadhaa alijishikiza kwenye wazo kwamba mwanawe alipotoshwa au alivutwa dakika za mwisho. Hadi polisi walipomwonyesha kanda ambazo vijana wale walijirekodi, akamsikia mtoto wake kwa sauti yake mwenyewe. Alishasema hadharani jinsi alivyovunjika kwa mara ya pili siku ile. Lakini kuanzia pale alimlilia mtoto aliyekuwepo kweli, na akaweza kuzungumza na watu waliofiwa bila kujitetea.

Hiyo ndiyo tofauti yake na baba yako mdogo, ambaye nakiri amenikera tangu niliposoma barua yako. "Alisukumwa." Wangapi wanaachika? Wangapi wananyimwa watoto mahakamani, wakalia, wakalewa, wakagombana na mawakili, wakakata rufaa, na wakaendelea kuishi? Kuvunjika kwa ndoa kulikuwa saa ya tukio, si sababu yake. Mwaka 2016 huko Uingereza ndugu wawili, Luke na Ryan Hart, walimsaidia mama yao na mdogo wao wa kike kumhama baba. Siku chache baadaye baba akawaua wote wawili, akajiua. Baadhi ya magazeti yakamwita mtu mwema, yakatafuta sababu kwenye talaka. Vijana wale wamelizunguka jambo hilo miaka yote hii: baba yao hakuwa mpigaji, alikuwa mdhibiti, wa fedha, wa safari, wa kila kitu, na wao wenyewe walidhani kwa kuwa hapigi basi hakuna hatari ya kuuawa. Kila mara mtu akisema alisukumwa, anamtoa marehemu mama kaburini kumshitaki upya.

Ulinyamaza kaburini kwa kaka yako. Sawa, alfajiri ile nani angekuwa na nguvu. Ila sasa unatakiwa kutia sahihi, na hapo kunyamaza kumekwisha.

Usitie. Mtoto amepoteza mama, dada zake, mjomba na baba usiku mmoja, na mahali pekee ambapo dunia yake haikuhama ni kitanda alicholala kwa bibi yake. Mnataka kumtoa hapo mumlete kwenye ukoo ambao kila kikao mama yake atasemwa? Na mumlazimishe bibi yule, aliyezika watoto wawili na wajukuu wawili, asimame mahakamani dhidi ya ukoo wa aliyewaua? Mwambie baba mdogo kwa heshima yake yote kwamba hutii sahihi, na umwambie kwa nini, mbele ya wale wale waliotikisa vichwa. Sauti yako itatetemeka. Iache itetemeke.

Kuhusu ajali ya gari, hilo si lako kulisema kwa mtoto, ni la bibi yake. Lakini gari lile zima ameshaliona. Dora Black, daktari wa akili wa watoto jijini London, alifanya kazi kwa miaka mingi na watoto ambao baba aliwaulia mama, na yeye na wenzake walisisitiza mtoto aambiwe ukweli mapema, kwa maneno mafupi, na mtu anayemwamini. Asipoambiwa na bibi yake ataambiwa na mwenzake darasani, na kabla ya hapo ataziba pengo mwenyewe, mara nyingi kwa kujilaumu. Yule mdogo wake wifi mfikishie hili mara moja tu, kama ombi: wamtafute mshauri wa watoto, na bibi akiwa tayari aseme kwa lugha ya miaka minane. Baba aliwaua mama, dada zako na mjomba. Kisha akajiua. Hukufanya kosa lolote, na usingeweza kumzuia. Hapa uko salama. Basi, halafu wajibu kila atakachouliza, hata akiuliza lile lile mara ishirini. Ukishamfikishia, mwachie binti yule pumzi. Kukubebea habari kwa siri kunaweza kumtenga na mama yake.

Ukitoka polisi, muandikie bibi. Barua moja, ipite kwa wakili au ofisi ya ustawi wa jamii ili awe na uhuru wa kutoifungua. Usimwombe msamaha kwa namna inayomtaka akujibu, mzigo huo huna haki ya kumtwika. Jibu swali lake. Mwambie kuhusu mtandio. Mwambie kuhusu sekunde 41 na kwamba sasa wanazo wapelelezi. Mwambie hutamdai mtoto wala hutamsaidia anayemdai. Kama una picha za wale mabinti ambazo wao hawana, zile za kupigwa kwa simu nyumbani kwako, watoto wakicheza, mmoja kafumba macho, mwambie zipo na zitatumwa siku atakayozitaka. Halafu kaa kimya. Inaweza kuchukua miaka. Inaweza isifike kabisa, na hilo pia ni haki yake.

Mtoto muandikie, ila usitume. Kila siku yake ya kuzaliwa, karatasi moja: mama yake alichekaje, dada zake walikuwa wakigombania nini, yeye mwenyewe alikuwa na vituko gani. Uweke tarehe, usaini Shanga. Akiwa mtu mzima akaja kubisha hodi, atakukuta unaye mama yake mikononi, si visingizio vya baba yake.

Na kaka yako mlilie. Mlilie yule aliyekuwa mkubwa wako utotoni, huwezi kumkata ukambakisha wa Alhamisi tu. Mlilie kwako, kwa mumeo, kwa mshauri nasaha atakayekusikiliza kila wiki, si kwenye kurasa za mtandaoni ambako ndugu wa wifi watakuta picha yake ina mishumaa. Na lile jina ulilosaini mwisho wa barua, sikuliita hata mara moja tangu nianze kukujibu. Sitaliita.

Saa ya baba yako usiivae wala usiitupe. Waonyeshe wapelelezi pamoja na ujumbe, kwa kuwa nayo ni sehemu ya zile wiki mbili. Wakikurudishia, itie kwenye bahasha ya zile karatasi za mtoto, na nje uandike kwamba ilikuwa ya babu yake.